Bambo na Gunia: Miaka Yangu Ndani ya Ghala la Hamburg

Machi 2004, siku yangu ya kwanza kazini, kilichonishangaza mwanzo hakikuwa jengo. Yalikuwa maji. Nilisimama juu ya daraja la Kornhausbrücke saa moja kasorobo ya asubuhi, baridi inapenya viatu, nikatazama chini nikaona mfereji umebaki tope, na tishari la chuma limekaa juu ya lile tope kama ngalawa ya Funguni maji yakipwa. Nilipotoka mchana kwenda kula, tishari linaelea, na ule utando wa kijani wa mwani ukutani umezama wote. Hamburg iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini. Mimi mtoto wa Malindi, Unguja, niliyekua nikiwasikia wazee wakihesabu siku za bamvua, nilidhani mambo ya kujaa na kupwa nimeyaacha nyumbani. Moyo ukatulia kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba mazulia. Tajiri wangu alikuwa Mwajemi mzima wa makamo, amekodi ghorofa ya tatu ya ghala moja katika Speicherstadt, jina ambalo maana yake ni mji wa maghala. Mteja akija unakunjua, akitikisa kichwa unakunja, unakunjua jingine, mpaka magoti yanawaka. Zulia kubwa la sufi linataka watu wawili, na wakati mwingine watatu. Nilipompigia simu babu yangu kumwambia nimepata kazi ya kubeba mizigo kwenye godauni, alinyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umepanda ndege ukaenda Ulaya kufanya kazi niliyoiacha mimi?" Alikuwa hamali wa karafuu tangu ujanani. Sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. Ilikuwa na huzuni, nami nilijua, kwa sababu yeye ndiye aliyenilipia masomo ya ziada ili nisibebe kitu kizito kuliko daftari.

Huzuni ile ndiyo iliyonifanya nianze kuliangalia lile jengo. Nilitaka siku moja nimpe maneno ya kumridhisha.

Mji wa maghala ni safu ya vitalu 15 vya matofali mekundu, urefu wa kama kilomita moja na nusu, vimejengwa juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa kwenye tope la mto Elbe. Kila ghala lina milango miwili: mmoja barabarani, mwingine majini. Kila upande milango ya ghorofa imepangwa mmoja juu ya mwenzake mpaka juu kabisa, na chini ya paa pametokeza kibanda chenye kapi na mnyororo. Zamani tishari lilikuja na maji ya kujaa, likasimama chini ya mlango, gunia likafungwa mnyororo na kupandishwa mpaka ghorofa yake, na pale mlangoni alisimama mtu na kulabu mkononi wa kulivuta ndani. Winchi ziliendeshwa kwa nguvu ya maji yaliyokandamizwa kwenye mabomba, na nguvu hiyo ilitoka kwenye nyumba moja ya mashine za mvuke iliyotumikia mji mzima wa maghala. Nyumba hiyo bado ipo. Mabomba yake ya moshi hayapo, wameweka fremu za chuma tupu zenye umbo la bomba, na kila nilipopita niliiona kama mzee aliyevua kanzu akabaki mbavu.

Ndani ya ghala letu hapakuwa na kipasha joto. Majira yangu ya kwanza ya baridi nililalamika sana, mpaka nikaelewa. Kuta nene na sakafu za mbao zinafanya hewa isibadilike upesi. Nje jua likiwaka au barafu ikianguka, ndani inachukua muda kujua. Kahawa, kakao, chai, tumbaku, viungo, vyote vinataka hivyo. Mazulia pia. Jengo halikujengwa kwa ajili ya mwili wa binadamu.

Nguzo nazo zina hadithi. Vitalu vya mwanzo vina nguzo za chuma, vya baadaye wakarudia mbao, kwa sababu chuma kikipata moto mkali hulegea kwa ghafla, lakini gogo nene la mwaloni huungua polepole na kuwapa watu nafasi ya kutoka. Ujenzi ulianza mwaka 1883. Mwaka huohuo Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alijenga jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, nayo ikasimamishiwa nguzo za chuma. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba lile ilipoporomoka na kuua watu wawili, nilikuwa nimekaa kitandani Hamburg natazama picha kwenye simu, na nikalia kama nimefiwa. Nyumba mbili za mwaka mmoja. Moja inakaguliwa kila tofali, nyingine tuliizoea mno mpaka hatukuiona ikichoka.

Sasa, kwa nini mji ule wa maghala ulijengwa? Hapa ndipo nilipojifunza kwamba historia ya ghala huanza na forodha. Hamburg ilikuwa mji unaojitawala, bandari huru, bidhaa zinaingia na kutoka bila ushuru. Ujerumani ilipokuwa dola moja, kansela wake, Bismarck, alitaka Hamburg iingie ndani ya uzio wa forodha wa nchi nzima. Mwaka 1881 wakakubaliana: mji utaingia, lakini utabakiziwa eneo moja la bandari huru. Mfanyabiashara ataweza kuweka kahawa yake humo mwezi, mwaka, aichambue, aichanganye, aiuze tena kwenda Urusi au Sweden, na ushuru hautalipwa ila siku gunia litakapovuka kuingia mjini. Kwa hiyo lile ghala halikuwa stoo tu. Lilikuwa nchi nyingine yenye mpaka, walinzi na mageti. Wenzangu wa zamani waliniambia walikuwa wakipekuliwa kila jioni wakitoka kazini. Mimi nilifika mwaka mmoja tu baada ya uzio kuondolewa, maana eneo hilo lilitolewa kwenye bandari huru mwaka 2003.

Mfalme Wilhelm wa Pili alikuja kulifungua Oktoba 29, 1888. Tarehe hiyo niliisoma ukutani, na nilikaa nayo wiki nzima. Kwa sababu mwaka huohuo 1888, Agosti, kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikwenda kushika forodha za pwani yetu, Pangani, Bagamoyo, na watu wa pwani wakasimama pamoja na Abushiri bin Salim kupigana. Wakati bendi inapiga muziki Hamburg kusherehekea forodha mpya, Pangani watu walikuwa wanakufa kwa ajili ya forodha. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Sikupata kuona mambo hayo mawili yakisemwa kwa pumzi moja, si kwa Kiswahili wala kwa Kijerumani, nami naona ni jambo moja lenye ncha mbili: nani akae mlangoni pa bandari na kuhesabu mizigo ya wengine.

Na kabla ya maghala, pale palikuwa na watu. Hili linanigusa kuliko yote. Sehemu mbili, Kehrwieder na Wandrahm, moja ya makuli na mafundi waliobanana katika nyumba za mbao na udongo, nyingine ya matajiri wenye majumba ya fahari. Zote zikabomolewa. Watu wapatao 20,000 waliondoshwa. Tajiri alihamia penye bustani. Kuli, ambaye kazi yake ilikuwa palepale bandarini, alisukumwa mbali, akawa anatembea masafa marefu kabla ya kuanza kazi, au akajibana zaidi katika vichochoro vilivyobaki. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1892, watu zaidi ya 8,000 walikufa Hamburg, na vichochoro hivyo vilipigwa vibaya mno. Kehrwieder maana yake ni "rudi tena." Wengine husema ni kilio cha wanawake wakiwaaga mabaharia, wengine husema ni kwa sababu njia ilikuwa haina upande wa pili, ukifika mwisho inabidi ugeuke. Mimi nilipita hapo kila asubuhi nikiwa mhamiaji, na nilichagua tafsiri ya kwanza.

Binti wa Seyyid Said, Bibi Salme, alifika Hamburg mwaka 1867 na mumewe Heinrich Ruete, aliyekuwa mfanyabiashara Unguja. Alifika wakati nyumba zile zote zipo bado, kuna nguo zimeanikwa na watoto wanacheza. Miaka mitatu baadaye mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafa, akabaki mjane na watoto wadogo katika mji wa baridi. Amezikwa Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf. Nilikwenda kumsomea Fatiha ingawa najua alibatizwa. Mungu ndiye anayejua. Ninachosema ni kwamba Unguja na Hamburg hawakukutana juzi. Nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilinunua kauri kwetu kwa shehena na kuzipeleka Afrika Magharibi zitumike kama pesa, na mwaka 1859 Sayyid Majid alitia saini mkataba wa biashara na miji ya Lübeck, Bremen na Hamburg. Pembe za ndovu zilifika. Karafuu zilifika. Na pale Kornhausbrücke, daraja nililosimama siku ya kwanza, tangu 1903 imesimama sanamu ya Vasco da Gama. Nilimtambua siku ya tatu au ya nne. Mtu aliyefika Mombasa na Malindi ya Kenya mwaka 1498, akapewa nahodha wa kumwonesha njia ya Bara Hindi. Kila asubuhi kwa miaka kumi na moja nilipita mbele yake nimevaa glavu za kazi.

Lakini haya yote ni ya vitabu na vibao vya ukutani. Aliyenifungulia jengo lenyewe alikuwa mzee mmoja, mstaafu wa ghala la jirani, aliyezoea kuja kunywa chai kwa tajiri wangu. Alikuwa na salamu moja, asubuhi, mchana na usiku: "Moin." Alianza kazi humo akiwa kijana wa miaka 15. Alikuwa katika kundi la watu wanaoitwa Quartiersleute, ambao hatuna neno lao kamili. Si wenye mali na si makuli wa kulipwa kwa siku. Zamani walikuwa wakiungana wanne, wanakodi ghorofa, wanapokea mali ya mfanyabiashara, wanaipima, wanaichambua, wanaitunza, na wanamwambia mwenyewe hali yake. Mfanyabiashara alikaa ofisini upande wa pili wa mfereji na pengine gunia lake hakuliona kabisa. Aliuza na kununua kwa neno la wale wanne. Neno lao likivunjika, nyumba yao imekwisha.

Siku moja mzee alikuja na kitu kimefungwa kitambaa. Akakifungua juu ya meza. Ni chuma chenye urefu wa kiganja na nusu, kimechongoka mbele, kimechimbwa mfereji katikati, na nyuma kina mpini ulio wazi.

Nikasema kwa Kiswahili bila kujijua, "Bambo!"

Akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia hiki kwetu kina jina, na babu yangu anacho. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Akanifundisha palepale, kwenye gunia la kahawa lililokuwa likitumika kama kiti. Bambo hulichomi kwa nguvu. Unaiweka ncha katikati ya nyuzi za gunia, unazisogeza nyuzi, hukati hata mmoja. Unaingiza mfereji ukiwa umetazama chini, ukifika ndani unazungusha ili mfereji utazame juu, buni zinaingia zenyewe. Unainamisha, zinateremka kupitia mpini mpaka kiganjani. Ukichomoa, unapitisha ncha juu ya tundu, mara mbili tatu, kama mtu anayejikuna, na nyuzi zinarudi mahala pake. Gunia halivuji. "Ukiacha tundu," aliniambia, "umemwibia mwenye mali bila kuweka kitu mfukoni."

Nilimpigia babu usiku huohuo. Ndipo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamuuliza kazi yake ilikuwaje. Nina umri wa miaka thelathini na mbili, nimekula jasho la mgongo ule tangu kuzaliwa, na sijapata kumuuliza. Alizungumza saa nzima, kadi ya simu ikaisha, nikashuka kununua nyingine.

Alinieleza kwamba karafuu kavu ukiibana kwa kucha inakatika kwa mlio, bichi inapinda. Kwamba iliyoanikwa vibaya ikashika joto ndani ya rundo inakuwa nyeupenyeupe na mafuta yake yamekufa. Kwamba karafuu inavuta maji kama kitambaa, kwa hiyo kulikuwa na watu wasiomwogopa Mungu waliokuwa wakiweka ndoo ya maji katikati ya bohari usiku, asubuhi maji yamepungua na uzito umezidi. Kwamba wengine huchanganya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Na kwamba mwongo hujaza gunia kwa akili, juu anaweka karafuu safi, nzima, yenye kichwa, kwa kuwa anajua mnunuzi atafungua mdomo wa gunia na kutia mkono. "Kwa hiyo mwenye kujua," akasema babu, "hachomi juu. Anachoma chini, karibu na mshono. Uchafu unakaa chini, babu yangu. Hata wa mtu."

Alinieleza pia mambo mazito. Agosti 1948, akiwa kijana wa miaka 18, makuli wa bandari ya Unguja waliweka chini kulabu zao. Chakula kimepanda bei, mshahara umelala palepale. Mgomo ulianza gatini ukaenea mji mzima, hata wapishi na madobi wakaacha kazi. Alinielezea kimya kilichokuwepo: hakuna magari ya hamali, hakuna kelele za "simila, simila" vichochoroni, mji umekuwa kama siku ya Idi bila furaha. Nilipomsimulia mzee wa Hamburg, akanipeleka mpaka ukingo wa mfereji, akanionesha kwa mkono upande wa gati, akasema hapa, Novemba 1896, waligoma watu zaidi ya 16,000, katikati ya baridi, kwa wiki 11. Walishindwa. Njaa iliwarudisha. Babu yake mwenyewe alikuwemo. Nikampelekea babu yangu habari hiyo. Akauliza, "Wiki kumi na moja? Katika baridi hiyo unayonambia?" Akakaa kimya, akasema, "Wanaume."

Hivyo kwa miaka mingi nikawa tarishi. Mzee mmoja anasema, nachukua, nampelekea mwingine. Wote wawili walikuwa wamebeba kahawa au karafuu kwa kulabu ya aina moja, ya mpini wa mbao na jino la chuma. Wote wawili walikuwa na bega moja limeshuka. Wote walikumbuka wanawake: Hamburg walikuwepo wanawake waliokaa siku nzima kuchambua buni mbovu kwa vidole, na Unguja babu aliwakumbuka wanawake wakichambua karafuu mikekani. Nilipokuwa nasoma habari za jengo, niliona majina ya wahandisi na wafalme. Mhandisi mkuu alikuwa Franz Andreas Meyer, na alistahili sifa. Lakini hakuna kibao kinachosema nani alijua kuziba tundu la gunia.

Kosa langu kubwa nalo nilieleze, kwa sababu lilinifundisha jengo kuliko maneno. Desemba 5, 2013, ilitangazwa dhoruba waliyoiita Xaver. Hamburg maji yakitazamiwa kupanda sana, hupigwa mizinga ya onyo, na mji wa maghala uko nje ya ukuta mkuu wa kuzuia mafuriko. Ndiyo maana zamani hapakuwa na makazi ya watu humo. Alasiri ile nilikuwa nimeteremsha mazulia kumi na moja mpaka chini, mteja atakuja kuyachukua kesho yake asubuhi. Tajiri aliniuliza, "Umeyapandisha?" Nikajibu nitayapandisha. Mgongo unauma, watoto wananisubiri nyumbani, nikayaegemeza ukutani juu ya mbao mbili, nikaenda zangu. Nilijiambia kwamba maji ya kufika hapo sijapata kuyaona.

Usiku ule maji yalipanda zaidi ya mita 6 juu ya usawa wa bahari. Nilipofika, mfereji na barabara vimekuwa kitu kimoja. Iliponibidi kusubiri yapwe ndipo niingie, nilisimama darajani na moyo unanienda mbio, natazama mstari wa maji ukutani unavyoshuka taratibu, tofali kwa tofali. Mazulia matano ya chini yamekunywa maji ya mto, na zulia la sufi likilowa tope huwezi kulibeba hata kwa watu wanne. Rangi nyekundu ya mojawapo ilikuwa imetokea kwenye sakafu, inatiririka kuelekea mlango wa mfereji. Sitaisahau rangi ile. Tajiri hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Nilimlipa kwa miaka miwili, kidogo kidogo, ingawa hakunidai.

Mzee wa jirani alikuja mchana, na buti za mpira, akatazama. Akanionesha ukutani, nyuma ya mlango, mistari midogo iliyokwaruzwa na miaka kando yake: 1962, 1976. Mwaka 1962 mafuriko yaliua watu zaidi ya 300 katika mji huu. Mistari ile nilikuwa nimeipita kila siku kwa karibu miaka kumi nikidhani ni mikwaruzo ya magari ya mizigo. "Chini hakuwekwi kitu kinachokunywa maji," alisema. Nao waliolijenga walijua hivyo tangu mwanzo, ndiyo sababu ghorofa ya chini ina sakafu ngumu, na bidhaa zake zilikuwa zile zisizoharibika upesi. Jengo lilikuwa limeniambia, mimi sikulisoma. Tangu siku hiyo, nikiingia nyumba yoyote ya zamani naangalia nyuma ya milango.

Wakati huo mji wa maghala ulikuwa umekwisha kugeuka. Si kwa mara ya kwanza. Mabomu ya vita vya pili yaliharibu kama nusu yake, na mbunifu Werner Kallmorgen akasimamia ujenzi mpya mpaka mwaka 1967. Kilicholiua ghala kama ghala kilikuwa kontena. Meli ya kwanza ya makontena ilifika Hamburg mwaka 1968, na mzigo uliofungwa ndani ya sanduku la chuma hauhitaji mtu mwenye kulabu mlangoni ghorofa ya nne. Wafanyabiashara wa mazulia waliingia penye nafasi iliyoachwa na kahawa, wakawafanya watu waseme hapana mahali duniani penye mazulia mengi namna hii. Kisha nao wakaanza kuondoka. Yakaja makumbusho, ofisi za matangazo, mikahawa, na ule ulimwengu wa treni ndogo wa Miniatur Wunderland ambao foleni yake ilikuwa inafika barabarani. Kodi ikapanda. Siwalaumu. Afadhali ghala lenye watoto wanaocheka kuliko ghala lililobomolewa. Lakini Malindi kwetu, godauni alilofanyia kazi babu sasa linauza vinyago na vitambaa kwa watalii, na hapana anayejua kwamba ile ndoano kubwa ya chuma iliyobaki juu ya mlango ilikuwa ya nini. Mimi mwenyewe nilicheza chini yake utoto wangu wote.

Julai 2015 UNESCO iliuingiza mji wa maghala katika urithi wa dunia. Waandishi walijaa na kamera. Wiki hiyo mfanyabiashara mmoja wa viungo kule jirani alifungua milango kwa wageni, akamwomba mzee wangu awaoneshe kazi ya zamani. Gunia lililowekwa mbele yake lilikuwa la karafuu. Nilisikia harufu kutoka kwenye ngazi, nikajua kabla sijaona. Mzee alikuwa na miaka 75, mikono inatetemeka alipokuwa anakunywa chai, lakini alipolishika bambo ilitulia. Akalizunguka gunia mara moja. Akapiga goti, kwa shida, na mtu mmoja akataka kumsaidia akakataa. Akachoma, akazungusha, akapokea karafuu kiganjani. Hakunusa kwanza. Alivunja moja karibu na sikio.

Nilimpigia babu jioni. Alikuwa na miaka 85, macho yameshapotea, na binamu yangu ndiye aliyemshikia simu sikioni. Nikamweleza yote, sherehe, kamera, gunia la karafuu katika ghala la Hamburg, mzee wa Kijerumani mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alichoma wapi?" akauliza.

"Chini, babu. Karibu na mshono."

"Na tundu? Aliliziba?"

"Aliliziba. Kwa ncha."

Nilisikia akivuta pumzi, na nyuma yake adhana ya isha inaanza msikiti wa Malindi.

"Basi anajua kazi," akasema. "Nisalimie."